Usaili wa Dirishani

Mvumilivu hula mbivu. Msemo huo nimeuchukia tangu nilipomaliza chuo, na sababu ninayo: kila aliyeshindwa kunipa kazi alinipa msemo huo niondoke nao. Aliyeutunga bila shaka hakufika Tukuyu. Huku kwetu ndizi tunazila mbichi. Tunazimenya, tunazipika chakula chetu cha mbalaga, tunashushia na maziwa ya mgando, na hakuna aliyekufa. Anayekaa kungoja ziive atakuta wenzake wameshakula na wamelala.

Nilimaliza chuo cha kilimo wakati serikali imefunga mlango wa ajira. Waliotutangulia walipangiwa vituo kabla hata hawajafungasha magodoro yao. Sisi tukaambiwa tuondoke na magodoro yetu, tutaitwa. Nani aliitwa? Si mimi, wala mwenzangu yeyote ninayemjua. Kumbe hata waliokuwa maofisini walikuwa wanapunguzwa. Wanaume wazima waliozoea kupanda Land Rover za idara walirudi vijijini wakafungua magenge ya nyanya. Redioni wakasema ni mageuzi, soko huria, kila mtu ajitegemee. Na kweli soko lilikuwa huria. Tukuyu mjini palijaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu: sabuni za kunukia, redio kaseti, marobota ya mitumba yanafunguliwa asubuhi na akina mama wanavutana shati. Vyote vilikuwepo. Kazi ndiyo haikuwepo.

Nikarudi Lufingo kwa wakwe zangu. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amepangiwa wilaya ya mbali, analala chumba kimoja na mwalimu mwenzake, bati linavuja. Tulikubaliana nikae kwa wazazi wake mpaka nipate kazi, ndipo tupange chumba chetu. Majirani wakashangaa. Unahangaika nini, mume unaye, migomba ipo, chai ipo, unataka nini tena? Niliwajibu, na hata leo ningewajibu hivyo hivyo: sikusoma miaka yote ile ili nirudi kuuliza jembe liko wapi. Nilitaka kazi niliyoisomea. Sikutaka msaada, sikutaka mradi wa kuku. Nilitaka kazi.

Sasa lazima nieleze jambo moja la ukwe wa kwetu, maana bila hilo utanicheka mahali pasipo pa kucheka.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ni heshima, na ni ya kweli. Mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, halitaji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye migomba mpaka apite. Naye mzee ana sehemu yake: anakohoa kabla ya kufika uani, ili mwanamke apate muda wa kuondoka. Wakati ule watu wa mjini walishaanza kulegeza, wengine wanapeana mikono kanisani na kucheka. Baba mkwe wangu hakulegeza. Na mimi, niseme wazi, sikulazimishwa na mtu. Nimezaliwa Kiwira, nimelelewa na mama aliyeniambia kwamba elimu nitaipata shuleni, lakini adabu ya ukwe nisipoondoka nayo nyumbani sitaipata kokote. Basi nilikuwa ninampikia yule mzee kila siku ya Mungu na sikuwahi kuuona uso wake vizuri. Nilijua mabuti yake ya mvua. Nilijua kofia yake. Kikohozi chake ningekitambua hata katikati ya mnada.

Mama mkwe alikuwa kitu kingine kabisa. Yeye tulikaa naye jikoni, tukamenya ndizi, tukasengenya. Kila nilipotoka kwenda kutafuta kazi aliniangalia miguu na kusema, "Viatu hivyo vitaisha kabla ya ofisi kuisha." Na kila niliporudi mikono mitupu aliniwekea chakula kwanza, maswali baadaye.

Nilitembea, jamani. Kutoka Lufingo mpaka mjini, nakatiza Ibighi viatu nimevishika mkononi kwa sababu ya tope, nanawa miguu kwenye mfereji, navaa viatu, naingia ofisini kama mtu aliyeshushwa na gari. Ofisi ya kwanza wakaniambia, "Nafasi hakuna mwanangu, acha maombi yako hapo." Hapo palikuwa na rundo la maombi, na juu ya rundo mtu ameweka kikombe cha chai. Nikaondoa kikombe, nikaweka maombi yangu juu, nikarudisha kikombe pembeni. Karani akanikazia macho. Na mimi nikamkazia.

Mahali pengine palikuwa na bango getini, HAKUNA KAZI, na mlinzi amekaa chini yake. Akaninyooshea bango kwa kirungu. Nikamwambia, "Bango nimelisoma, baba. Kusoma ndicho kitu pekee nilichofundishwa. Mimi nimekuja kumwona meneja." Hakunifungulia. Nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka akawa ananisalimia kwa ukarimu na kunipa habari za watoto wake. Geti hakulifungua hata hivyo.

Tajiri mmoja wa duka la mbolea na dawa za mimea alinitazama vyeti, akavirudisha, akaniuliza kama najua kufagia. Nikamwambia najua, hata kwetu nafagia, lakini kufagia sikukusomea, kwa hiyo sitafagia kwako. Bwana mwingine, mwenye ofisi nzuri na pazia, aliniambia nafasi huenda ikapatikana, ila nije jioni tuongee vizuri. Nikamjibu, "Jioni napika. Ongea sasa hivi." Akaongea sasa hivi. Nafasi hakuna.

Kwenye mradi mmoja kule Kiwira waliniambia wanataka mwanamume, maana kazi ya shambani inataka pikipiki. Nikaenda moja kwa moja kwa kaka yangu, aliyekuwa na pikipiki ya kubebea magunia ya mkaa, nikamwambia leo nafundishwa. Nilianguka mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Nilivaa suruali yake chini ya gauni langu, wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele vya kejeli, na mimi nikawapungia mkono nikaingia kwenye mfereji. Nilipojua kuendesha nikarudi kwenye mradi ule kuwaambia najua. Wakasema sasa wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Nyie! Nilitamani kulia pale pale mezani kwao, ila machozi yangu sikuona sababu ya kuwapa bure.

Nililia nyumbani. Mama mkwe akaacha kumenya ndizi, akaniambia, "Lia umalize. Ukimaliza kuna maji ya kuoga."

Muda ulizidi kwenda. Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, likasomwa tangazo. Kile kiwanda cha chai kilichokuwa cha serikali, ambacho sasa kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi, kilitafuta bwana shamba wa kuzunguka kwa wakulima wadogo. Majani waliyokuwa wanapelekewa yalikuwa mabaya. Watu walichuma yaliyokomaa, wakachanganya na vijiti ili kikapu kijae, na kiwandani yakaharibu chai nzima. Walitaka mtu wa kufundisha uchumaji na kuamua yapi yapokewe kwenye mabanda ya kupimia majani vijijini. Nilisikiliza tangazo lile nimesimama. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Hata kama ilikuwa bado haijui.

Nikaomba kwa jina la baba yangu, kwa kuwa ndilo lililo kwenye vyeti. Nikaitwa usaili.

Siku ile mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, mvua ya kwetu ile isiyo na haraka. Nilikuwa nimevaa koti la mitumba nililolinyoosha kwa pasi ya mkaa, na kitenge begani kwa sababu mwanamke wa Lufingo hatoki bila kitenge. Barazani nilikuta wanaume watupu wanangoja. Mmoja, tai imemkaba shingo, akaniuliza kwa sauti ya kuchekesha wenzake, "Dada, umemsindikiza nani?"

"Nimekuja kuwasindikiza nyinyi nyumbani," nikamwambia. Wakacheka, yeye akanuna, na mimi moyo ukanipoa kidogo.

Nikaitwa. Nikaingia, nikasema shikamooni. Mezani walikuwa watatu. Katikati meneja, mtu wa mkoa mwingine, miwani mikubwa, hana muda mrefu tangu aletwe na mwenye kiwanda. Kushoto kwake dada mmoja mhasibu, mwenyeji wa Ibighi. Kulia mzee mmoja, ameinama mpaka chini ya meza, anafuta matope kwenye kiatu. Meneja akaanza kunieleza kwamba mjumbe wa wakulima aliyetakiwa kuwepo ameugua ghafla, kwa hiyo chama cha wakulima wa chai kimemtoa huyu mzee kwenye mkutano wao wa asubuhi aje awawakilishe.

Mzee akakohoa.

Mwili wangu ulijua kabla ya kichwa. Sikufikiri. Kitenge kilikuwa kichwani, mimi nilikuwa nje, nimepiga magoti chini ya dirisha, na huko ndani nikasikia kiti kikiburuzwa: naye alikuwa amegeukia ukuta.

"Vipi tena?" meneja akasema. "Kaona nyoka?"

Wanaume wa barazani wakaangua kicheko. Mmoja wao, mtu wa huku, akaelewa, akakata kicheko, akatazama pembeni. Ndani dada mhasibu alikuwa anamweleza meneja kwa sauti ya chini: yule ni mke wa mwanawe, hawaonani, ndiyo mila. Meneja akauliza mara mbili kama anasikia sawasawa. Halafu akasema basi, si shida, mzee atoke kidogo, wao wamalizane na huyu dada, kisha arudi.

"Sitoki," baba mkwe akasema, akiuambia ukuta. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mlimani. "Nimetumwa na wakulima. Nikirudi waniulize ulisikia nini, nitasema nilisikia mvua?"

Hata angetaka kutoka, mlango ulikuwa mmoja, na mimi nilikuwa karibu nao. Meneja akapumua kwa nguvu. Akasema basi dada aende tu nyumbani, atapangiwa siku nyingine.

Siku nyingine! Hapo ndipo damu iliponipanda. Siku nyingine niliifahamu vizuri sana. Niliitembelea kwenye kila ofisi ya wilaya ile, na haikuwahi kunipokea. Nikiondoka pale, yule mwenye tai ataingia, atajibu, atachukua kazi yangu, na mimi nitarudi Lufingo kusimuliwa habari za mvumilivu. Nilikuwa na hasira na meneja, nilikuwa na hasira na mvua, na nilikuwa na hasira hata na mila yenyewe, ingawa sikuwa tayari kuivunja kwa ajili ya mtu aliyeona nyoka mahali pasipo na nyoka.

"Siondoki!" nikasema kwa sauti kupitia dirishani. "Bwana meneja, niulize hapa hapa. Nimezuiwa kuona, sijazuiwa kusikia."

Kisha nikamsikia dada mhasibu akicheka, kicheko cha kuzibwa na mkono. Meneja akasema hii haijawahi kutokea. Nikamjibu kwamba ndiyo inatokea, aulize.

Akauliza. Nadhani mwanzoni aliuliza ili nishindwe aendelee na wengine. Mchai unapogolewa lini na kwa urefu gani. Nikajibu. Mbolea gani, wakati gani, kwenye mteremko kama wa huku inawekwaje isichukuliwe na maji. Nikajibu. Mvua ikazidi kwenye bati na mimi nikapandisha sauti, nikawa nahutubia kama mhubiri wa stendi. Wale wanaume barazani walikuwa wametulia wanasikiliza majibu yangu, wengine midomo inachezacheza wakiyakariri. Nikawageukia, nikawaambia, "Nyie, sogeeni kule. Hili si darasa la bure." Hakuna aliyesogea. Nikaendelea kujibu, na kitenge kikaendelea kulowa.

Halafu nikamsikia meneja akifunga faili. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

"Dada, majibu yako ni mazuri. Sikufichi, ni mazuri kuliko niliyoyategemea. Lakini kazi yenyewe ni ya kukutana na wakulima. Mkulima ndiye huyu hapa. Utafanyaje kazi na mtu usiyeweza kumtazama?"

Nilifungua mdomo. Sikupata nafasi.

"Na mimi nina swali," baba mkwe akasema. "Wakulima pia wanauliza. Dada, mwambie huyo mtu aliye nje." Alikuwa anasema na mhasibu, maana mimi hawezi kuniuliza. "Mwambie hivi: mkwewe akileta bandani majani mabaya, atayapokea?"

Dada mhasibu akaja dirishani. Alikuwa na macho ya huruma. Akanirudishia swali neno kwa neno, ingawa tulikuwa tumelisikia wote mpaka barazani.

Loo! Niliona mtego huo una meno pande zote mbili. Nikisema nitayapokea, meneja ana haki ya kunifukuza pale pale, maana ndicho kitu kilichokuwa kinaua kiwanda chake. Nikisema nitayakataa, nimemkatalia baba mkwe mbele ya watu, mimi mke wa mwanawe, mimi ninayeingia kwenye migomba akipita. Habari hiyo ingefika Lufingo kabla yangu. Mume wangu angeipata huko aliko. Nilifikiria kusema ninaomba radhi, swali linipite. Nilifikiria kunyamaza. Na nikakumbuka jinsi nilivyonyamaza kwenye mradi wa Kiwira nikijizuia kulia, na kunyamaza kulinisaidia nini?

"Mwambie bwana meneja," nikasema, "kwamba nitayarudisha." Nikasikia mtu barazani akisema "Mh!" Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshavuka mto. "Mkwe wangu namheshimu mpaka naingia kaburini. Uso wake sitautazama. Lakini majani si mkwe wangu. Majani nitayatazama mpaka chini ya kikapu."

Nilijua nimejiharibia. Nilijua pia kwamba nisingeweza kusema vingine, na nilifunga mikono yangu ndani ya kitenge nikangoja nifukuzwe na vyote viwili, kazi na ukoo.

Baba mkwe akakohoa tena. "Bwana meneja," akauambia ukuta, "umeuliza mtu atafanyaje kazi na asiyemtazama. Mimi tangu mwanangu aoe, nakula chakula anachopika huyo. Sijawahi kumwona akipika. Yeye hajawahi kuniona nikila. Chakula kinafika kimeiva, chumvi imo. Nyinyi hapa kiwandani mnatazamana kutwa nzima, na majani yetu yanaoza barabarani mnangojeana nani atume gari."

Dada mhasibu safari hii hakuzuia kicheko chake. Na meneja, nashukuru kusema, hakuwa mtu wa kununa. Alicheka mpaka, mhasibu alinisimulia baadaye, akavua miwani. Kisha akasema nitajaribiwa msimu mmoja wa kuchuma. Majani yakibadilika, kazi yangu. Yasipobadilika, tusilaumiane.

Siku hiyo niliimba njia nzima kupita Ibighi, viatu mkononi. Lakini jioni ya Lufingo ilikuwa na ukimya wake. Nilipika, mama mkwe akapeleka chakula, mama mkwe akarudisha sahani. Sahani ilikuwa tupu. Nikamuuliza, amesema nini? Akasema, "Amesema chumvi imezidi." Wala hakunitazama. Sikujua kama huo ni utani au kesi, na sikulala vizuri siku hizo zote.

Nikaanza kazi. Niliwaonyesha watu mashambani: majani mawili na chipukizi, basi, usivute tawi zima. Waliitikia ndiyo, ndiyo, wakachuma vile vile. Kila mmoja alikuwa anangoja kitu kimoja, na nilikijua. Habari za usaili zilikuwa zimezunguka mpaka kwenye vilabu vya pombe. Walikuwa wanangoja kuona siku baba mkwe atakapoleta kikapu chake. Kama nitampokelea yeye, nitawapokelea wote, na mafundisho yangu nikayafundishe migomba. Na meneja naye alikuwa anangoja, huko kiwandani, na mizani yake.

Ikafika siku ya kupokea majani kwenye banda la Lufingo. Foleni ndefu, wanawake wengi, vikapu mgongoni, ukungu bado haujapanda mlimani. Mama mkwe alikuwa katikati ya foleni na kikapu chake mwenyewe, kwa sababu kwetu mke na mume kila mtu ana mistari yake ya chai. Nikasikia kikohozi. Nikageukia ukuta wa banda. Nikamsikia akiweka kikapu chini, mabuti yakazunguka nyuma ya banda na kusimama huko. Hapo nikageuka.

Foleni nzima ilikuwa imenyoosha shingo. Juu ya kikapu majani yalikuwa mazuri kabisa, laini, yanang'aa umande. Nikaingiza mkono. Nikauzamisha mpaka kwenye kiwiko. Chini yalikuwa magumu, yaliyokomaa, vijiti ndani yake, na joto la kuoza limeshaanza. Mpaka leo sijui kama alikusudia. Hakuwahi kuniambia, na mimi siwezi kumuuliza.

Nikautoa mkono. Nikamwambia karani wa mizani, "Rudisha."

Karani akanisogelea. "Dada, huyu ni..."

"Namjua ni nani. Rudisha."

Akasukuma kikapu pembeni kwa mguu, taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Mabuti yakatoka nyuma ya banda. Nikageukia ukuta tena. Nikaweka paji la uso kwenye ubao, nikafumba macho, nikangoja atakachosema mbele ya watu wote wale. Nikasikia kikapu kikiinuliwa. Nikasikia majani yakimwagwa kwenye nyasi, yote, na magoti ya mzee yakilia alipochuchumaa.

"Mnashangaa nini?" akawauliza watu kwa Kinyakyusa. "Na nyinyi mwageni, mchambue. Au mnataka arudishe mpaka jioni?"

Mtu mmoja akamwaga. Akafuata mwingine. Kisha nikasikia vikapu foleni nzima vikimwagwa, na wanawake wakilalamika, wakinitukana kidogo, wakicheka, mikono ikichambua. Machozi yalinitoka nikiwa nimeuegemea ukuta ule, na sikuyazuia, kwa kuwa hapakuwa na wa kuyaona.

Alikuwepo mmoja. Mama mkwe alikuwa hajamwaga chake. Alikuwa amefika mbele na kikapu chake kimejaa, akakitua karibu na miguu yangu, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Bibi shamba, njoo utazame na yangu."

Nikafuta macho kwa kitenge. Nikaingiza mkono mpaka chini, nikakutana na vijiti. Na yake nikayarudisha.